Baridi ya Fundi Moffat Haikuwa ya Julai

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla mlango wa chuma wa duka haujainuliwa kwa ajili ya wateja, Moffat Gicheru anaweka mkono wake wa kulia juu ya kioo na kusubiri utulie.

Mkono unatetemeka kidogo, kama wa mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Anabana kifundo chake kwenye ukingo wa rula ndefu ya mbao, anashusha pumzi, kisha anavuta kifaa cha kukatia kutoka mbali hadi karibu na kifua chake. Mlio mwembamba unasikika. Anakisogeza kioo hadi ukingoni mwa meza, anakigonga kwa chini, nacho kinaachana pale pale alipochora.

"Hii kutetemeka ni ya dawa," anasema bila kuulizwa. "Watu wakiniona wanadhani nimekunywa. Na mimi sijaonja pombe tangu nioe."

Moffat, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa vioo katika duka la familia ya Ambalal mjini Nyeri. Hukata vioo vya madirisha, vya makabati na vya fremu za picha. Mara kwa mara hutumwa pamoja na mwenzake, Ken Mburu, kwenda kuviweka katika nyumba zinazojengwa Ruring'u, Mweiga na kwingineko. Siku akitoka hulipwa shilingi 1,200. Akibaki dukani hupata chini ya hapo.

Leo ameomba abaki dukani. Jana alilala mapema kuliko kawaida na akachelewa kuamka, na jambo hilo, ambalo mtu mwingine angelifurahia, limemtia wasiwasi. Alipofumbua macho alijipapasa uso kuona kama umevimba. Akatamka jina lake polepole asikie sauti yake inavyotoka. Kisha akamuuliza mkewe kama chumbani kuna baridi.

"Akaniambia eeh, iko," Moffat anasema. "Nikashukuru Mungu. Shida ni nikisikia baridi peke yangu."

Hofu hii aliipata mwaka jana, lakini maradhi yenyewe yana mizizi ya zamani zaidi.

Akiwa na umri wa miaka 27, akifanya kazi ya mjengo Mukurweini, Moffat alikaa siku kadhaa bila kulala na bila kuhisi uchovu. Alikuwa na mipango mingi na maneno mengi. Asubuhi moja aling'oa madirisha yote ya nyumba aliyokuwa anaijenga na kuyapanga shambani kwenye migomba, akimweleza mwenye nyumba kwamba kuta zinahitaji kupumua. Ndugu zake walimpeleka hospitali. Baada ya miezi michache alirudishwa tena, safari hiyo akiwa hasemi na hataki kula.

Madaktari walisema ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi, kisha ukamshusha kupita kiasi. Wakamwanzishia dawa iitwayo lithiamu. Ilimtetemesha mikono na kumfanya anywe maji mengi, lakini ilimrudishia maisha yake.

Alijifunza kukata vioo baada ya hapo, mikono ikiwa tayari inatetemeka, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuujua ufundi huo kwa njia nyingine. Alipokutana na Watiri, mpishi katika hoteli ndogo mjini, alimweleza habari za ugonjwa wake kabla ya kwenda kwao kujitambulisha. Walioana, wakapanga nyumba ya vyumba viwili Ruring'u, wakapata binti, Shiku, ambaye sasa ana miaka tisa.

"Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimelazwa tena," Moffat anasema. "Nilikuwa nimeanza kusahau ati mimi ni mgonjwa."

Mambo yalianza kubadilika mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Yalikuja kidogo kidogo hata hakuna aliyeyatambua. Moffat alianza kuchoka kabla ya saa sita. Misuli ya mapaja ilimuuma kana kwamba amepanda mlima. Ngozi ilikauka, choo kikawa kigumu, mwili ukaongezeka ilhali hamu ya chakula ilikuwa imepungua. Alisahau vipimo alivyokuwa ameviandika muda mfupi tu uliopita, akawa anarudi kupima tena.

Zaidi ya yote alisikia baridi. Lakini ilikuwa Juni, kisha Julai, na Nyeri katika miezi hiyo hufunikwa na ukungu hadi mchana. Kila mtu alivaa sweta. Kila mtu alilalamika. Malalamiko ya Moffat yalipotelea katikati ya malalamiko ya mji mzima.

Watiri ndiye wa kwanza kuogopa. Alimwona mumewe akirudi nyumbani, anakaa kwenye kiti na kubaki hapo bila kuwasha taa. Ukimuuliza jambo, jibu lilichelewa. Mambo hayo alikuwa amesimuliwa kabla ya ndoa, na sasa aliamini anayaona kwa macho yake.

"Nilijua ule ugonjwa umerudi," anasema. "Nilikuwa naenda kazini na roho mkononi. Kila simu ikilia, nadhani ni yeye."

Walikwenda pamoja kliniki ya afya ya akili anakochukua dawa. Walielezwa kwamba huzuni imerudi, akaongezewa dawa nyingine. Baada ya wiki kadhaa hapakuwa na mabadiliko. Moffat akaenda peke yake katika zahanati moja kueleza habari za baridi na maumivu ya misuli. Aliyemhudumia alimuuliza dawa anazotumia. Alipozitaja, anasema, mazungumzo yakaishia hapo.

"Aliniambia hayo ni mawazo. Nirudi kwa daktari wangu wa kichwa," Moffat anasimulia. "Hakunishika hata mkono. Nikaenda zangu. Mimi pia niliamini ni mawazo, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema hivyo."

Jioni moja mwishoni mwa Julai, Watiri akiwa kazini, Moffat alikuwa nyumbani na Shiku. Mtoto alikuwa anaandika kazi ya shule mezani. Jiko la makaa lilikuwa nje mlangoni, maharagwe yakiwa yameiva. Moffat aliepua sufuria, akaliingiza jiko ndani, akafunga mlango na dirisha, akaketi karibu nalo.

Anakumbuka joto lilivyomfikia magotini. Hakumbuki usingizi ulipomchukua.

Shiku alianza kuumwa na kichwa. Alimwamsha baba yake, hakuamka. Akatapika sakafuni, kisha akafanikiwa kufungua komeo na kumwita jirani, Gathoni, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Gathoni alimkuta Moffat ameegemea ukuta, hajitambui. Akamburuta hadi nje, akafungua kila kilichoweza kufunguliwa, akapiga simu.

Baba na binti walipelekwa hospitali, wakapewa hewa ya oksijeni, wakapona. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka wakati wa baridi watu huonywa kuhusu hatari hiyo. Moffat mwenyewe aliwahi kumwonya Ken.

Ndiyo maana hakuna aliyeamini kwamba lilikuwa jambo la kusahau.

Gathoni anasema hakumshtaki mtu yeyote, ila alisema alichokiona: jiko ndani, dirisha limefungwa, na mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye miezi hiyo yote alikuwa amenyamaza. Waliosikia walijazia wenyewe. Kufikia asubuhi majirani walikuwa wanasema kwamba Moffat alitaka kufa na mtoto wake.

Watiri alimngoja mumewe atoke wodini. Walikuwa wameketi kwenye benchi, watu wakipita, alipomuuliza.

"Nilimuuliza, Baba Shiku, ulitaka kumuua mtoto?" Watiri anasema. Anatazama pembeni. "Nilitaka aseme hapana mara moja. Aseme haraka, hata kama ni kwa hasira. Lakini alikaa kimya. Alikaa, akakaa. Mimi nikajijibu."

Moffat anasema alilisikia swali vizuri. Alikuwa na jibu. Lakini katika miezi hiyo maneno yalikuwa yanamfikia mdomoni kwa kuchelewa, na ulimi aliuhisi mzito kama si wake. Alipofungua mdomo, Watiri alikuwa amesimama.

Siku iliyofuata Shiku alipelekwa Mukurweini kwa bibi yake, mama yake Watiri. Nguo zake zilipakiwa kwenye mfuko mmoja. Watiri alirudi Ruring'u, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mjini na kwa kuwa, anasema, aliogopa kumwacha mumewe peke yake kama alivyoogopa kukaa naye. Akalala chumba alicholala mtoto.

Moffat alianza kujichunguza. Hili ndilo analolisema kwa shida kuliko yote.

"Nilijiuliza kama ni kweli," anasema. "Siku hiyo sikuwa nataka kufa. Lakini sitadanganya, kuishi pia kulikuwa kumenichosha. Sasa kama kichwa yangu iliwahi kunifanya ning'oe madirisha ya watu, nitajuaje haikunifanya nifunge hii yangu?"

Katikati ya Agosti alikwenda dukani kuaga. Hakuona kama ana haki ya kushika kioo tena. Kaushik Ambalal, mwenye duka, alikuwa ametoka. Aliyekuwa kwenye kaunta ni mkewe, Jigna, mama wa miaka hamsini na kitu anayezungumza Kiswahili cha Nyeri kama mtu yeyote aliyezaliwa hapo.

Mchana huo jua lilikuwa limetoka. Moffat alikuwa amevaa sweta mbili na koti juu yake. Jigna alisikiliza habari yote. Kisha akauliza swali ambalo, kwa mujibu wa Moffat, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, si hospitalini wala nyumbani.

"Jiko uliingiza ya nini?"

"Nilikuwa nasikia baridi, mama."

"Na saa hii unasikia?"

Akasema ndiyo. Jigna akamtazama usoni, akatazama nyusi zilizopungua na macho yaliyovimba chini. Lakini anasema kilichomshtua zaidi ni sauti. Ilikuwa inakwaruza na kwenda polepole, na sauti kama hiyo alikuwa ameisikia kwake mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, baada ya kujifungua mtoto wake wa pili, Jigna alilala na kulala. Alisikia baridi hata jikoni. Alisahau chakula motoni. Katika nyumba ya wakwe ilisemekana kwamba amekuwa mvivu, baadaye ikasemekana kwamba ana huzuni ya uzazi. Ilichukua karibu mwaka kabla ya daktari kumpima damu na kugundua kwamba tezi iliyo shingoni, ile iitwayo thairoidi, ilikuwa haifanyi kazi vya kutosha. Tangu wakati huo humeza kidonge kila asubuhi.

"Sikujua kama yake ni hiyo," Jigna anasema. "Mimi si daktari. Nilijua tu mtu anaweza kuambiwa ni kichwa, kumbe ni mwili. Nikamwambia usiache kazi leo. Kwanza twende upimwe."

Alifunga duka, jambo analolifanya kwa nadra, akaenda naye hadi kliniki ya afya ya akili. Alisubiri naye kwenye foleni. Walipoingia, muuguzi aliyekuwa zamu, Sophie Warigia, aliposikia neno baridi alimgusa Moffat shingoni, akampima mapigo ya moyo, akakuta yanakwenda polepole mno. Akamwita daktari.

Damu ilipopimwa, jibu lilikuwa wazi. Tezi ya Moffat ilikuwa karibu imelala. Daktari alimweleza kwamba hilo ni jambo linaloweza kuwapata baadhi ya wanaotumia lithiamu kwa muda mrefu, na ndiyo sababu wagonjwa hao wanapaswa kupimwa tezi na figo mara kwa mara. Moffat hakuwa amepimwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Sophie halizungushi jambo hilo. Anasema kulikuwa na kipindi ambapo vifaa vya kipimo havikupatikana, na vilipopatikana hakuna aliyefuatilia waliorukwa.

"Tulimwona mgonjwa wa akili amekuja na huzuni, tukaridhika," anasema. "Tezi ikilala, mtu anapoa mwili na anapoa moyo. Hawezi kuvitenganisha hivyo viwili, na sisi pia hatukuvitenganisha. Tulimwongezea dawa ya huzuni, na mwili wake ukaendelea kuzama."

Moffat alianzishiwa vidonge vya tezi, vya kumezwa asubuhi kabla ya kula kitu chochote. Haikuwa kama kuwasha taa. Baada ya wiki chache aligundua kwamba amevua koti bila kukumbuka. Baadaye sauti ilianza kurudi. Siku moja Ken alimtania kuhusu timu yake kufungwa, naye akajibu papo hapo, na wote wawili wakaacha kazi wakatazamana.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani, akamkuta Watiri anachambua sukuma wiki. Akamwambia ana jibu la lile swali la hospitalini.

"Nilimwambia hapana. Nilikuwa nasikia baridi. Ni hiyo tu nilikuwa nataka kusema, na nilichelewa."

Watiri alilia. Anasema alimwamini daktari, akamwamini na mumewe. Lakini kuamini hakukuondoa woga, na haoni sababu ya kujifanya umeondoka. Hadi leo akirudi kutoka kazini husimama mlangoni kwanza, ananusa, anasikiliza, ndipo anaingia.

"Yeye alipona tezi. Mimi mwili wangu bado unaruka," anasema. "Kichwa kinajua, lakini tumbo linakaza. Sijui hiyo inapimwa wapi."

Sophie, ambaye sasa huwaona wote wawili, anasema alichokieleza Watiri ni cha kawaida kwa mtu aliyekaribia kufiwa. Amemwomba awe anafika kliniki kwa ajili yake mwenyewe, siyo kumsindikiza mume. Watiri amekwenda mara mbili. Maumivu ya tumbo yamepungua, ingawa hayajaisha.

Kwa upande wake Moffat yuko njia panda. Daktari amemwambia kwamba anaweza kubaki na lithiamu, mradi apimwe inavyotakiwa, au wajaribu kumhamishia dawa nyingine taratibu. Lithiamu ndiyo iliyomwokoa, na ndiyo iliyoilaza tezi yake. Ameamua kubaki nayo kwa sasa. Anaogopa kuiacha kuliko anavyoogopa kuitumia.

Kinachomsumbua ni siku za kawaida. Mtu mwingine akichoka hulala. Moffat akichoka huanza kujihoji: huu ni uchovu wa kazi, ni tezi, au ni ile huzuni yenyewe imekuja kwa miguu yake safari hii? Akifurahi sana kwenye arusi, hujiuliza pia. Sophie amemfundisha asijitolee hukumu peke yake, bali aseme anachohisi kwa mtu wa karibu na aje kupimwa. Hajalizoea. Kwa miaka mingi alizoea kusema yuko sawa.

Majirani wamebadilika nusu. Gathoni alikuja mwenyewe kumwomba radhi kwa maneno yaliyozagaa, naye Moffat akamwambia kama si yeye angekuwa amezikwa, na mtoto pia. Wengine bado huwaita watoto wao ndani akipita. Anasema hawalaumu.

Shiku bado yuko Mukurweini, ambako anasoma katika shule iliyo karibu na nyumba ya bibi yake. Kila Jumapili baada ya ibada wazazi wake huenda kumwona. Mwanzoni alikaa karibu na bibi yake na kumtazama baba kwa mbali. Siku hizi humpeleka zizini kumwonyesha ndama, na humtania kwa kuwaogopa ng'ombe. Hajawahi kuuliza kuhusu jioni ile. Moffat amemweleza hata hivyo, kwa maneno machache: kwamba alikuwa mgonjwa mwilini na hakujua, kwamba alifanya jambo la hatari, na kwamba yeye Shiku ndiye aliyefungua mlango.

Mpango wa Moffat ni kumrudisha nyumbani. Ameshazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya Ruring'u, akaahidiwa nafasi Januari, muhula utakapoanza. Alipomletea Watiri habari hiyo, Watiri alimwomba ampe siku chache za kufikiri. Wiki ilikuwa inaisha Watiri aliposema mtoto aje kwanza likizo ya Desemba, waone.

Moffat hakubishana. Aliongeza ombi moja, ambalo anasema lilimgharimu: Watiri achukue likizo kazini siku hizo zote, asimwache peke yake na mtoto.

"Sitaki aniamini haraka halafu awe anakaa na wasiwasi," anasema, akipangusa vumbi la kioo mezani. "Aniangalie kwanza. Akitosheka, aniambie."

Watiri aliipeleka barua ya likizo Jumatatu iliyopita. Meneja wa hoteli alishangaa, kwa kuwa Desemba ndio mwezi wenye wageni wengi, akataka kujua kama nyumbani kuna mgonjwa.

"Nilimwambia hakuna mgonjwa," Watiri anasema. "Nikamwambia mtoto wetu anakuja nyumbani."